Besi Ambayo Hakuna Aliyeiimba

Mama mpendwa,

Mulembe. Natumaini barua hii itakukuta mzima, mguu umepungua kuvimba, na nyani wa msituni wamekuachia angalau nusu ya mahindi. Mimi sijambo huku Ujerumani. Nakula, ingawa ugali wangu wa huku ungekuchekesha, na masomo ya muziki yananiendesha mbio.

Nimeandika kwa mkono kwa sababu jumbe za simu hukusomea Josfati, na haya nataka uyasome mwenyewe kwanza.

Alinipigia wiki tatu zilizopita. "Dada, mama ameanza kutupea wasiwasi," akasema. "Kila jioni anawekanga ile rekodi ya mazishi, anasema mzee anaimba pale ndani. Na anamjibu! Wewe ndio msomi wa muziki. Sikiza, halafu umwambie hakuna mtu. Akikataa, mimi nitaifuta."

Nilikasirika, kisha nikaogopa. Maana najua jinsi kwaya yetu inavyomzika mwenzetu: sauti yake huachwa wazi. Baba alikuwa besi, basi siku ile besi wenzake wawili walisimama mahali pao wamefunga midomo, wimbo ukaimbwa na sauti tatu tu. Josfati mwenyewe alinieleza hivyo, naye ndiye aliyekuwa ameshika simu akirekodi.

Nikaisikiliza katika maktaba ya chuo, saa sita mchana, jua limejaa mezani. Nisamehe kwa nitakalosema. Mara ya kwanza sikusikia mazishi. Nilisikia soprano wakipanda juu kuliko inavyofaa, teno wakichelewa, mpiga ngoma akiwakimbiza wote. Nikachukua kalamu nikaandika makosa. Nilisahihisha mazishi ya baba yangu kama daftari la mtoto wa shule, bila chozi hata moja. Nililia baadaye, kwa aibu.

Mara ya pili nilikusikia wewe kwenye alto. Na chini yako kulikuwa na mtu.

Nilitoa vidude vya masikioni nikageuka nyuma. Hapakuwa na mtu ila mtunza vitabu, anapiga miayo.

Nikampelekea mwalimu wangu wa sauti, mama wa Kijerumani aliyeanza kufundisha kabla sijazaliwa. Akasikiliza mara mbili, akatabasamu. Alinieleza kwamba sauti mbili za juu zikipatana barabara, sikio hujitungia ya chini, na anayeujua wimbo huisikia kuliko asiyeujua. "Hakuna aliyeimba," akasema. "Mmefundishwa mahali pake, ndiyo maana mnapajaza."

Nilifurahi sana, Mama. Nikaona nitakuandikia kwamba huna wazimu wowote. Kwamba wewe pia umesoma, ingawa noti za solfa hujui kuandika. Miaka yote hiyo umeimba alto huku Baba akinguruma nyuma ya mgongo wako, huo ni usomi tosha. Mchana ule nilikula vizuri kwa mara ya kwanza tangu msiba.

Lakini nilitaka kumjibu Josfati nikiwa na hakika, nikaketi kuiandika hiyo besi noti kwa noti. Ilikubali, mpaka mwisho wa ubeti wa mwisho. Wajua Baba hakuweza kuuachia wimbo. Nyote mnamaliza, yeye bado ameshikilia, mpaka mwalimu wa kwaya amkate jicho. Basi kwenye rekodi mnamaliza. Soprano kimya, teno kimya, wewe kimya, ngoma imewekwa chini. Sauti za juu zimekwisha, na kwa elimu niliyopewa, ile ya chini ilipaswa kufa nazo. Ikaendelea. Nilihesabu mapigo manne. Kisha ikavuta pumzi.

Nimerudia mara nyingi. Naogopa, na pia nina wivu, maana mimi niliyekosa mazishi nimebaki na pumzi moja tu ya Baba. Siwezi kukuambia hakuna mtu. Elimu yangu inaishia hapo.

Usiruhusu rekodi ifutwe. Ukimjibu Baba, mjibu kwenye alto yako, usiyumbe.

Nisalimie shangazi na mahindi yake ya kuchoma, mwalimu wa kwaya, na wale besi wawili. Waambie walifanya jambo la heshima. Mchungaji naye asinisahau katika maombi.

Na Josfati, usimgombeze. Baada ya ile pumzi kuna sauti nyingine, ndogo mno, karibu kabisa na simu. Ni yake. Ananong'ona, "Baba?" Halafu anaizima.

Binti yako,
Ruth