Mchuzi wa Usipa Shambani

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Huku Mpepai tu wazima, babu yako bado anagombana na kuku wake. Umeniuliza zamani tulitumia dawa gani funza wakitoboa mabua ya mtama.

Nikiwa binti, mama alichemsha usipa, dagaa wetu wa Ziwa Nyasa, akaumwaga mchuzi wote kwenye mashina ya mtama. Nilinuna, kwa maana niliutaka mimi.

Asubuhi akaniita. Sisimizi walikuwa wamefuata harufu ile. Waliingia kwenye tundu la bua, wakamburuta funza nje mzimamzima, akijikunja. Nikasogea karibu, mdomo wazi.

"Usiwakanyage," mama alininong'oneza. "Wageni wanakula."

Mpaka leo, nikiingia shambani, natembea taratibu.

Bibi yako