Uyoga wa Chumba cha Nyuma

Jumapili, 2 Machi 2025

Leo tumechanganya! Mgongo umekataa kunyooka, lakini nimefurahi.

Tulianza saa moja asubuhi. Majani makavu ya migomba na magunzi ya mahindi yaliyopondwa, pumba kidogo, chokaa kidogo. Mama Linda, mke wa mwanangu, akachemsha vyote kwa pipa saa tatu nzima, akavimwaga kwenye turubai vichuje maji na kupoa. Mimi kwa mizani. Ile yangu ya kuning'inia, nimeifunga kwenye tawi la mti wa avokado. Miaka ishirini na saba nimepimia watu majani chai kituoni hapa upande wa Itumbe — mtu asinifundishe kilo.

Mchanganyiko: kilo sitini. Mama Linda akasoma daftari lake la semina: kilo moja ya mbegu kwa kilo ishirini. Hiyo mbegu ni mtama tu, uliovaa utando mweupe. Nikafinya mchanganyiko mkononi, nikaona maji, nikatoa kilo za maji. Nusu kwa nusu. Kituoni hatukuwa tunampimia mtu umande! Nikaandika thelathini. Kwa hivyo mbegu kilo moja na nusu. Nyingine kama hiyo ikabaki. Nikamwambia, unaona, tumeokoa. Akatazama turubai, akatazama mfuko wa mbegu, akasema, Sawa, Baba.

Mifuko ishirini ikajaa. Akaibeba mmoja mmoja mpaka chumba cha nyuma. Mimi nikabaki uani. Ile ni nyumba ya mwanangu, na baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Ndiyo chinsoni, heshima yetu. Kwao ziwani wanayo pia ya aina yao, hakuhitaji kufundishwa.

Jioni mwanangu Nyabuto akapiga simu kutoka Nairobi. Amepata vyumba viwili. Tarehe thelathini anakuja kumchukua mke na mtoto. Mama Linda hataki. Wamekubaliana hivi: uyoga ukitoka kabla ya siku hiyo, anabaki hapa na kazi yake. Usipotoka, anafunga mizigo.

Mimi sina kauli katika mambo yao. Lakini hili daftari ni langu. Sitaki aende.

Jumatatu, 3 Machi 2025

Hakuna habari. Mlango umefungwa, pazia jeusi.

Nimepita nyuma ya nyumba mara nne. Kuangalia kuku.

Alhamisi, 6 Machi 2025

Amesema hewa ya chumba ni nzuri, baridi inatosha. Amesema kupitia ukutani. Ndivyo tunavyoongea siku hizi — yeye ndani ananyunyizia sakafu maji, mimi nje kwenye jiwe langu nakata majani ya ng'ombe. Kiswahili chake kina ziwa ndani, changu kina milima. Tunaelewana.

Nyabuto alipomleta, miaka saba iliyopita, watu walisema mengi. Mjaluo! Tena jina lake Akong'o! Atakupikia nini? Marehemu mke wangu Nyamoita peke yake ndiye aliyesema, mwache mtoto aketi. Na huyo mtoto ndiye aliyemwosha Nyamoita miezi mitano kitandani, akamgeuza, akamlisha uji kwa kijiko. Mimi sikuwahi hata kumpa mkono kumshukuru. Heshima hairuhusu. Nilimnunulia jembe.

Jumapili, 9 Machi 2025

Picha! Simu yangu ni kabambe, ya vitufe tu, haioni picha. Kwa hivyo aliweka yake juu ya kigoda, akarudi nyuma hatua mbili, mimi nikaichukua. Mfuko. Weupe kidogo kuzunguka mbegu, halafu kahawia, halafu kahawia tu.

Nikauliza, ni sawa? Akasema, Unachelewa kidogo, Baba. Sauti yake haikuwa na raha.

Nikarudisha simu kigodani. Hiyo picha haina harufu, haina uzito. Mimi ni mtu wa kushika.

Alhamisi, 13 Machi 2025

Kijani. Mifuko minne imeota kuvu ya kijani. Aliacha kunyunyizia, nami nikaacha kukata majani. Halafu akasema, Baba, minne imeharibika. Nikasikia anaburuta kitu sakafuni.

Nilitaka kuona! Labda si kuvu, labda ni uchafu wa pumba, jicho la pili lingesaidia. Anyona jirani alikuwa amekuja kuazima panga, akasikia yote. Akacheka. Mzee Obwocha, si uingie tu? Dunia imebadilika, nani atakuona? Nikamwambia, wewe ndio utaniona, na kesho soko lote la Itumbe litakuwa limeniona. Akaenda na panga langu akicheka.

Si Anyona hasa. Ni kwamba nikiingia, nitamvunjia yule binti kitu alichokishika kwa mikono miwili miaka saba. Bora nikae nje.

Ijumaa, 14 Machi 2025

Leo imefika mifuko saba.

Ni mimi.

Naandika tena nikubali vizuri: ni mimi. Nilimtuma Linda aniletee daftari la mama yake, nikasingizia nataka kujua siku za kumwagilia. Mjukuu wangu huyo hana maswali, akalileta. Mwandiko mzuri, mistari imepigwa kwa rula. Kilo moja ya mbegu kwa kilo ishirini — na chini yake, kwa wino mwekundu: PIMA MCHANGANYIKO UKIWA UMELOA. USITOE MAJI.

Usitoe maji! Na mimi nikatoa. Mkono ulitoa wenyewe, mazoea ya miaka ishirini na saba. Kilo sitini zilitaka mbegu kilo tatu. Nimezipa nusu. Mbegu chache, imeshindwa kujaza mfuko upesi, kuvu ikapata nafasi ya kuingia. Halafu nikajisifu tumeokoa. Mjinga mzee!

Zimebaki siku kumi na sita.

Sabato, 15 Machi 2025

Kanisani sikuimba. Mzee wa kanisa aliuliza kama koo linauma. Nikasema ndiyo. Uongo, tena siku ya Sabato.

Mama Linda alikaa upande wa kina mama, amefunga kile kitambaa cha bluu. Kanikuta langoni, akainamisha kichwa, Baba, umeamkaje. Nikashindwa kumtazama.

Nikinyamaza, atadhani ni bahati mbaya tu. Atafunga mizigo na hatanilaumu. Ndicho kinachoniuma zaidi, kwamba hatanilaumu.

Jumapili, 16 Machi 2025

Nimesema.

Nilikwenda kwenye jiwe langu asubuhi kabla jua halijawa kali. Nikasikia ananyunyizia. Nikakohoa, ajue nipo. Nikasema, Mama Linda, acha maji kidogo. Akaacha. Nikauambia ukuta — ndiyo, ukuta, maana macho kwa macho nisingeweza — kwamba ni mimi niliyetoa maji, mbegu ilikuwa nusu ya inayotakiwa, mifuko yake nimeiua mwenyewe kwa mazoea ya kituoni. Nikasema, nisamehe, mwanangu. Sijawahi kumwita mwanangu. Limetoka tu.

Nikasikia ndoo ikiwekwa chini. Nikadhani ametoka kwa mlango wa mbele.

Halafu akasema, Baba, niliona.

Nikauliza, uliona nini?

Niliona siku ile ile. Ulipoandika thelathini, niliona. Mbegu ilipobaki nikajua. Nilitaka kusema, mdomo ukakataa. Nitamwambiaje baba mkwe amekosea, tena kwa mizani yake? Nikasema, sawa, Baba. Usiku mzima sikulala. Mimi ndiye niliyesomea, na mimi ndiye niliyenyamaza.

Akaanza kulia. Nikasikia pua yake. Na mimi, Nyasae, Mungu wangu, mzee wa miaka sabini na moja, nimekaa juu ya jiwe na panga la majani ya ng'ombe, machozi yananitoka!

Kumbe heshima imetufikisha hapa wote wawili. Yeye ananyamaza kwa heshima, mimi nakaa nje kwa heshima, na kuvu inakula.

Nikamwambia, sikiliza. Kuanzia leo, kwa mambo ya uyoga, mimi si baba mkwe. Mimi ni karani wa mizani. Karani akikosea, anaambiwa. Akasema, Ndiyo, Baba. Nikasema, unaona sasa! Akacheka huku analia. Nikacheka pia. Kuku wakakimbia.

Jumanne, 18 Machi 2025

Mifuko saba tumeizika mbali, kule chini karibu na mto. Imebaki kumi na mitatu.

Ile mbegu niliyojivunia kuiokoa alikuwa ameihifadhi kwenye friji ya dukani kwa Emmah. Akanusa, akasema bado nzima. Leo tumechanganya tena. Nikatundika mizani: kilo thelathini. Nikaguna kidogo, nikafinya, nikasema labda maji yamezidi, tungoje yachuje —

Hapana, Baba!

Kwa sauti! Mkono juu! Hata yeye akashtuka, akashika mdomo. Finya tena, akasema, pole pole. Nikafinya. Matone mawili tu. Ndiyo kipimo, matone mawili, yakiwa mengi mbegu inazama, yasipokuwepo inakufa kiu. Kilo moja na nusu yote ikaingia. Safari hii tuliivunja vunja vizuri, mikono imeoshwa kwa spiriti mpaka inawasha, yeye upande huu wa turubai, mimi upande ule.

Amenikatalia! Miaka saba! Nimetembea mchana kutwa natabasamu peke yangu. Linda ameniuliza kama nimepata barua.

Mifuko kumi mipya. Nikamwambia, lakini hii haitawahi tarehe thelathini. Akaendelea kufunga kamba.

Ijumaa, 21 Machi 2025

Mvua tangu asubuhi. Kumi na mitatu ya kwanza, hakuna kijani kipya. Weupe unapanda. Anasema kupitia ukutani kila asubuhi sasa, bila kuulizwa: Karani, mfuko wa tatu umefika nusu. Karani, wa tisa umefika shingoni.

Ananiita karani! Tena kwa sauti ya kusikika barabarani.

Jumatano, 26 Machi 2025

VIMETOKA!

Vichwa vidogo, kama vya njiti za kiberiti. Aliruka huko ndani, nilisikia miguu. Akatoka mbio mpaka uani na simu, akasahau kigoda, akaninyooshea mkononi. Wote tukasimama tukiangalia ile simu katikati yetu. Nikaipokea. Hakuna aliyekufa.

Mifuko mitatu imetoa. Kumi bado. Nimehesabu kwenye picha mara nyingi. Mitatu kwa kumi na mitatu — hiyo inaitwa uyoga umetoka, au haujatoka? Wenyewe hawakupatana juu ya hilo. Nami nimesema sina kauli.

Ijumaa, 28 Machi 2025

Nyabuto amethibitisha. Jumapili. Anakuja na pikapu ya rafiki yake ya kubebea kitanda na vyombo. Ameniuliza, Tata, huo uyoga vipi? Nikamwambia, muulize mwenyewe. Akasema amemuuliza, na mkewe amemjibu, njoo uone. Njoo uone, ndiyo nini, Tata?

Ni mwanangu na ana haki yake. Yuko peke yake kule, anakula mkate mkavu na chai. Nikiwa na umri wake ningemtaka Nyamoita karibu pia. Naelewa. Lakini nikiwaza uani bila ile sauti ya ukutani, hata hilo jiwe langu silitaki.

Mama Linda amemwogesha mtoto, amefua nguo zote. Nguo za kusafiri nazo hufuliwa. Sijauliza.

Jumapili, 30 Machi 2025

Naandika nikiwa uani, nimeegemea ukuta wa jiko. Saa nne na nusu. Mengi yanatokea, bora niandike nisisahau mpangilio.

Saa mbili kafika Haron, fundi. Na nyundo, na patasi, na fremu ya mbao yenye wavu. Nikamwuliza, nani amekuita? Akaelekeza kidevu kwa Mama Linda. Mifuko yote alikuwa ameihamishia chumba cha mbele na kuifunika turubai safi. Haron akaanza kugonga gonga ukuta wa nyuma, pale pale juu ya jiwe langu, akisikiliza tofali.

Saa nne pikapu ikaingia. Nyabuto akashuka na begi, Linda akamrukia shingoni. Akauliza, hii kelele ni ya nini? Mkewe akasema, Dirisha. Akauliza, la nini? Akasema, uyoga unataka hewa. Kisha akasema, na Baba hajawahi kuuona. Hawezi kuingia. Basi ataangalia kutoka nje.

Sikujua pa kuweka mikono yangu. Nyabuto alinitazama, mimi nikatazama kuku.

Haron akasema anataka kipimo. Mzee, simama hapa. Nikavua kofia, nikasimama mgongo ukutani kama mtoto anayepimwa kliniki. Akachora mstari wa penseli usawa wa macho yangu. Mama Linda alikuwa amesimama kule kwenye kamba ya nguo, mbali kama inavyotakiwa, anatazama kwa jicho la fundi.

Chini kidogo, Haron, akasema. Baba anainama kila mwaka. Weka litakalomtosha miaka kumi.

Miaka kumi! Anayepanga miaka kumi hafungi mizigo.

Nyabuto amesikia. Ameweka begi chini. Amelichukua tena. Tofali la kwanza limetoka —