Kikohozi cha Mama Cherehani

Jumatatu, 4 Machi

Daktari Mkuu wa wodi yetu ya saratani kaniita ofisini. Nilidhani kuna malalamiko. Kumbe anataka niingie kwenye utafiti — vidonge vipya, kwa wanawake ambao saratani ya titi imewarudia baada ya dripu zote.

Nikamwambia mimi ni muuguzi, utafiti ni wa madaktari. Akasema: nani mwingine anajua wagonjwa hawa wanalala vipi, wanakula nini, wanaficha nini?

Hapo hakukosea. Miaka kumi na tisa wodini, nikarudi chuo, sasa napima, naandika dawa, nina kliniki yangu. Lakini kila utafiti uliopita hapa mimi nilikuwa "Sista, lete faili."

Nimesaini karatasi ya majukumu. Jina langu mstari wa tatu: kueleza wagonjwa, kuchukua ridhaa, kufuatilia madhara, kutoa taarifa. Mume wangu anasema cheo kimefika, kiti kiko njiani. Nimecheka.

Jumanne, 19 Machi

Nimemaliza mafunzo, nina cheti. Leo ridhaa yangu ya kwanza — Mama Cherehani. Anashona sare za shule nyumbani kwake. Namtibu mwaka wa nne. Uvimbe umemjaa kwapani, mkono wa kulia haupandi.

Fomu ina kurasa kumi na nne. Ukurasa wa pili akanikata.

"Sista, nionyeshe pa kusaini. Wewe si umeshasoma?"

Hapo ndipo nilipoogopa. Haiamini dawa, ananiamini mimi. Nikamwambia dawa hii haijajulikana vizuri. Inaweza isimsaidie. Inaweza kumharibu mapafu.

"Na nisipoimeza?"

Nikamweleza yaliyobaki: dawa za maumivu, kumpunguzia mateso.

Nikamsomea zote kumi na nne. Nikamwomba anieleze kwa maneno yake. Kila kitu alikishika, mapafu akayaruka. Nikamrudisha. "Nikikohoa au pumzi ikinibana, nakupigia siku hiyohiyo," akasema, kama mtoto anayekariri. Akasaini kwa mkono wa kushoto.

Jumanne, 9 Aprili

Wagonjwa kumi na wawili sasa. Nimepima kwapa la Mama Cherehani kwa rula, mara mbili, sikuamini. Uvimbe umepungua karibu nusu. Akainua mkono hadi juu ya kichwa na kuuacha hapo, ananitazama. Jana kakata vitambaa mwenyewe.

Daktari Mkuu anatembea kama bwana harusi. Mimi furaha hainishuki. Sijui kwa nini.

Alhamisi, 25 Aprili

Saa nne asubuhi nimempigia Mama Cherehani kumkumbusha miadi. Akakohoa. Kikavu. "Vumbi la vitambaa tu hilo, Sista." Kasema haraka mno. Halafu nikasikia anavuta pumzi kati ya neno na neno. Nikamwambia aje leo. Akasema kesho. Nikasema leo.

Kaja na binti yake. Ngazi za mlangoni ni nane. Kapumzika mara mbili. Kipimo cha oksijeni cha kidoleni: asilimia themanini na tisa. Nikajifanya natafuta kalamu.

Binti kasema mama anakohoa wiki ya pili. Mama akamgeukia kwa jicho ambalo sitalisahau. Halafu kwangu:

"Mtaniondoa. Nilijua mtaniondoa."

Pakiti ya vidonge ilikuwa mkononi mwake. Kaishika kwa ule mkono wa kulia. "Mkono wangu umerudi, Sista. Usininyang'anye."

Nimeichukua. Kidole kimoja kimoja nimemfungua. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe — nimejiambia hivyo, haikusaidia.

Picha ya kifua: ukungu pande zote mbili. Yuko kwenye oksijeni.

Daktari Mkuu yuko safarini, mkutanoni. Nimempigia. Kasema huenda ni maambukizi, mwanzishie dawa ya bakteria, usiandike chochote mpaka nirudi Jumatatu. "Ukituma taarifa leo watasimamisha utafiti mzima. Wale kumi na mmoja wengine utawaambia nini?"

Mwongozo wa utafiti unasema taarifa itumwe ndani ya saa ishirini na nne.

Ijumaa, 26 Aprili

Nimewapigia wote kumi na mmoja. Unakohoa? Pumzi je? Kumi wamejibu hapana. Wa kumi na moja, mwalimu wa chekechea, kauliza kwanza kama dawa itaendelea, kisha naye kasema hapana.

Nimeandika taarifa. Kidole juu ya kitufe — nikawaza wale ambao dawa inawasaidia, sura moja moja. Saa tatu asubuhi nimetuma. Kwa wenye dawa, kampuni inayoitengeneza, na kwa kamati ya maadili.

Kisha nimempigia Daktari. "Umetuma?" Nimetuma. Kakata simu.

Jumapili, 28 Aprili

Si zamu yangu lakini nimekwenda. Mama Cherehani yuko vilevile, si nafuu si vibaya zaidi. Kageukia ukutani.

Nimefungua faili lake. Wiki iliyopita, tarehe 18, mwandiko wangu: "Kikohozi: hakuna." Nimekaa na karatasi ile. Siku ile kliniki ilifurika. Kumbukumbu ya kumuuliza sina. Nakumbuka tulizungumza juu ya mkono.

Ningeweza kuliacha. Nani angejua? Nimeandika nyongeza, nimetuma: sina hakika kama nilimuuliza. Mume wangu kanishika bega. "Umejikaanga," kasema taratibu. Hakutania.

Jumatatu, 29 Aprili

Saa mbili. Daktari Mkuu karudi, kapita mlangoni kwangu bila salamu. Kasoma nyongeza, nimeiona kwenye kompyuta yake. Kasema jambo moja tu: "Tutazungumza."

Wenye dawa wamejibu: asisajiliwe mgonjwa mpya. Kuhusu hawa kumi na mmoja, uamuzi utafika kabla ya saa sita. Mpaka hapo anayekuja apimwe kwanza. Nikimwona na dalili, nimnyime dawa — mimi mwenyewe, bila kusubiri mtu.

Saa tatu kasoro. Kabati la dawa limefungwa, ufunguo uko mfukoni mwangu, umepata joto.

Mwalimu wa chekechea amewahi. Yuko peke yake kwenye benchi, namwona kwenye kioo cha mlango, yeye hajaniona. Leso mdomoni. Mabega yanatikisika, mara moja, mara mbili. Sasa ametulia. Anafuta midomo, anakunja leso vizuri, anaisukuma chini kabisa ya mkoba. Anajaribu kutabasamu, anaacha, anajaribu tena.

Namwita jina lake. Anasimama. Ufunguo nauacha mfukoni, nachukua kipimo cha kidoleni.