Waliorudishwa Kuchambua

Embu mjini,
18 Novemba 2024

Kwa dada yangu mpendwa Cicily,

Pokea salamu nyingi kutoka huku Embu. Natumaini wewe, shemeji Mutuma na watoto hamjambo hapo Githongo, na kwamba lile goti limepata nafuu licha ya baridi. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu. Nimeona nikuandikie kwa sababu kwa simu wewe hunikatia kabla sijamaliza kusema, na leo nataka nimalize.

Kwanza, asante. Daftari lako ndilo lililotuokoa. Tangu programu niliyoandika iwekwe kwenye mizani tatu za kiwanda cha kahawa, mbili zilifanya kazi sawa, ila yako, namba mbili, ilikwama karibu kila siku. Foleni inafika barabarani, watu wanakutukana, wewe unaizima na kuiwasha, inaendelea. Kamati ya kiwanda ikasema unaichezea. Wakakutoa, wakakupeleka ukageuze kahawa kwenye meza za kuanikia. Karani wa mizani miaka kumi na minne, halafu hivyo! Haki, iliniuma.

Nilipekua programu wiki mbili nisione kitu. Ndipo ukaanza kunitumia picha za daftari. Ulikuwa umeandika kila kitu, hata idadi ya waliokuja na kahawa iliyochanganyika na ya kijani, isiyoiva, ukawarudisha wakachambue. Nikahesabu. Tangu kuiwasha hadi kukwama, waliorudishwa arobaini. Siku iliyofuata, arobaini. Woi! Nilipiga kelele mpaka wenzangu ofisini wakadhani nimeumwa na nyuki.

Iko hivi, dada. Mkulima akifika, programu hufungua njia ya mawasiliano hadi kompyuta kuu. Akishapimwa, njia hiyo hufungwa. Lakini yule aliyerudishwa, programu ilimwacha aende bila kufunga njia yake. Inabaki wazi, haina mtu, na inashikilia nafasi. Nafasi nazo ni arobaini tu kwa kila mizani. Zikijaa, hata mwenye kahawa safi hapiti mpaka uizime. Wale makarani wengine hawarudishi mtu, wanapokea hata ya kijani, ndiyo maana kwao haikukwama. Uliadhibiwa kwa kufanya kazi yako vizuri! Nimeongeza mstari mmoja tu: mtu awe amepimwa au amerudishwa, njia yake ifungwe. Nimeijaribu kwa wakulima mia tatu wa kubuni, wote nikawarudisha, na haikukwama.

Sasa nikuambie lile linalonikaba. Kamati ilipolalamika mara ya kwanza, waliniuliza mimi. Niliwaandikia ripoti kwamba programu ni nzima, kosa ni la karani. Nilijua mizani namba mbili ni yako, Cicily. Nilijua. Niliogopa kufutwa kazi, nikajiambia watakukemea kidogo yaishe. Nikakufanyia hivyo wewe, uliyeacha shule ili mimi nisome.

Jumamosi nilikuja kiwandani nikasimama mbele ya kamati, nikakiri yote. Mwenyekiti Salesio alinitazama sana. Akasema ile ripoti walikusomea siku ile ile waliyokutoa, pamoja na jina langu lililokuwa chini yake, na kwamba hukusema neno, uliomba tu uende na daftari lako nyumbani.

Kumbe ulijua tangu mwanzo. Ulijua, na bado ukanitumia ukurasa baada ya ukurasa, na chini ya kila picha ukaniuliza kama nimekula.

Salesio atakuja mwenyewe kukuomba urudi kwenye mizani, na wakulima watasomewa ukweli. Tafadhali usiniambie si kitu, kwa maana ni kitu kikubwa. Nisamehe, dada. Na asante, mpaka sijui niiseme vipi.

Wasalimie shemeji na watoto, na umwambie Maxine nimepata kile kitabu chake. Mungu awalinde.

Ni mimi mdogo wako, niliyekukosea ukanisaidia,

Mutwiri