Wiki Tatu Hazipo

Shoga, uko wapi? Nimejifungia chooni kazini, sina uso wa kutokea.

Unaukumbuka ule mfumo wetu wa kuzuia tovuti, unaoandika kila mtu kafungua nini mtandaoni? Leo bosi kataka rekodi. Wiki tatu hazipo. Tupu!

Nimekagua diski, ina nafasi. Nimezima seva nikaiwasha, wapi! Basi mbele ya kikao kizima nikasema, "Labda Babu Waya kagusa kitu." Babu Waya, fundi mzee aliyenifundisha kazi! Kwa mdomo wangu huu huu!

Hata hakubisha. Kasema tu, "Mwanangu, hebu fungua ukurasa wa mabadiliko, tuone nani kabadili nini."

Nikafungua, kwenye skrini kubwa ya ukutani. Jina langu. Tarehe. Saa saba na dakika kumi mchana.

Ni ile siku niliyokwambia natafuta kazi kwingine. Nilizima rekodi za kompyuta yangu wasinione. Yangu tu, nilidhani! Kumbe nilichagua "wote". Wote, shoga! Ofisi nzima!

Bosi kaniuliza, "Ulikuwa unaficha nini?"

Babu Waya akadakia, "Alikuwa anajaribu mfumo. Mimi ndiye niliyemtuma, nikasahau kumwambia arudishe."

Bosi akamgeukia yeye. Kamfokea yule mzee kama mtoto, mbele yetu sote, na yeye anaitikia tu, "Samahani, bosi. Samahani."

Nami nimekaa kando yake, shoga, bega kwa bega. Sikufungua mdomo.