Mwizi wa Sanduku, Karani na Baba Mkwe

Makwale, Jumapili, mwezi wa tano, 1911

Mvua ilinyesha tangu Ijumaa, na leo baada ya ibada imechoka yenyewe. Jua limetoka, migomba inadondosha maji, na mama ameanika mpunga kwenye mkeka huku akiyakodolea macho mawingu. Mimi nimejitenga hapa chini ya upenu na daftari langu, nacheka peke yangu. Mdogo wangu ameshapita mara mbili kuangalia kama nina homa.

Sina homa. Nina furaha, na nisipoiandika nitaimwaga kwa mtu asiyefaa.

Tangu Alhamisi sijaandika neno humu kwa sababu nilikuwa nimenuna. Niseme ukweli: nikinuna, hununa barabara, hata chakula hakishuki. Kwa hiyo leo itabidi nirudi nyuma kidogo ndipo furaha hii ieleweke, hata kwangu mwenyewe nitakapoisoma nikiwa mzee.

Chanzo cha yote ni Karani Sefu, yule mtu wa Lindi anayeandika mizigo ya meli pale Lyulilo, bandarini ziwani. Meli haziji kila siku, na mtu wa pwani akikaa peke yake huku kwetu wakati wa mvua hujitafutia kazi ya kuondoa upweke. Yeye aliamua kutunga hadithi. Aliiandika kwa mkono, kwa Kiswahili kitamu, katika vijitabu sita alivyovishona mwenyewe kwa uzi. Kila siku ya gulio alituazima kimoja, na gulio lililofuata tulikirudisha na kumwambia maoni yetu.

Wasomaji tulikuwa watatu, sisi tuliosoma shule ya misheni. Mimi; rafiki yangu Bupe, Mkisi wa Ikombe, ambaye huja kwa mtumbwi na mama yake na vyungu vyao; na Anyigulile. Huyu Anyigulile ndiye aliyenichumbia. Ng'ombe walifika kwa baba mavuno yaliyopita, na ndoa ni baada ya mavuno yajayo. Basi tulikaa katikati ya vyungu, mimi nasoma sentensi, naigeuza kwa Kinyakyusa, Bupe anaigeuza kwa Kikisi, na wanawake waliokuja kubadilishana mahindi na vyungu wakasahau mahindi yao.

Hadithi yenyewe! Tajiri wa pwani, Bwana Hilali, anamwoza mwanawe. Usiku wa harusi sanduku la lulu linatoweka kwenye chumba cha akiba, mlango umefungwa, na ufunguo uko shingoni mwa tajiri. Mwanawe, Nasoro, anaingia njiani kulitafuta. Anapita mapangoni, anapigana na chui, anavuka mto wenye mamba akiwa ameshikilia gogo. Nyumbani nako wanabaki watu watatu wa kushukiwa: mgeni asiyejulikana katoka wapi, mwashi aliyeijenga nyumba, na bibi harusi mwenyewe, Zuhura.

Maoni yetu hayakuwa ya adabu sana. Bupe alikasirika mahali Nasoro anaporuka kutoka darini na mtungi wa maji mkononi, na mtungi hauvunjiki. Alimwuliza Karani mtungi huo ulifinyangwa na nani, ili akajifunze kwake. Anyigulile hakumwamini shujaa anayetembea siku tatu bila kula halafu anapigana na chui. Mimi niliona mamba wa Karani ni mvivu mno, maana wa mto wetu Lufilyo wasingemwachia hata gogo. Karani aliyapokea yote kwa kicheko, na mara nyingine alitoa kalamu akarekebisha papo hapo. Sijui kama kuna watunzi wengine wavumilivu kama yeye.

Kisa kilipofika kijitabu cha tano alituambia amehamishwa. Meli ingemchukua kwenda kusini, kisha angetembea kwa miguu hadi kwao pwani. Alhamisi ndiyo lingekuwa gulio lake la mwisho, naye angekisoma kijitabu cha sita mwenyewe mbele yetu. Akaweka ahadi: atakayemtaja mwizi kabla hajakifungua atabaki na vijitabu vyote sita.



Nilivitaka. Shuleni kuna Injili, kitabu cha nyimbo na kitabu cha hesabu, na hesabu haina mamba hata mmoja. Kama ningeshinda mimi, vingekaa nyumbani kwetu nami ningevisoma mpaka kurasa zilegee. Kama angeshinda Bupe, angalau ningevikuta kwenye vyungu kila gulio. Lakini kama angeshinda Anyigulile ningekuwa nimeviaga. Yeye na vijana wenzake wanaishi kwenye kijiji chao cha rika, katika vibanda vinavyovuja kama chekeche, kwa hiyo kitu chochote cha maana hukiweka kwa baba yake. Na kwa baba yake mimi siendi.

Kwetu binti akishachumbiwa, hamtazami tena baba mkwe wake, wala hazungumzi naye, wala hakanyagi uani kwake. Akimsikia njiani anaingia shambani na kujifunika kichwa mpaka mzee apite. Jina lake halitamkwi. Hata humu, kwenye karatasi yangu mwenyewe, siliandiki. Sioni kuwa ni mzigo. Ndivyo heshima ilivyo, na mama ameishi hivyo hadi leo.

Sasa ndiyo maana nilikuwa na hakika na mwizi wangu. Katika kijitabu cha pili, asubuhi ya pili ya ndoa, Zuhura anampelekea baba mkwe uji. Kwa mkono wake mwenyewe! Anamsalimia, anamtazama, kisha wanacheka pamoja. Nilipolisoma hilo nilisimama katikati ya sentensi. Huyu si bibi harusi, nikasema. Huyu ni mtu aliyeingia kwa hila, hajui hata mke wa mtu anatakiwa awe vipi. Wanawake wote wa gulio waliguna kwa pamoja na kukubali.

Nina dhambi moja ya kuungama. Nilipokuwa nikitafsiri, kicheko cha Zuhura nilikirefusha. Karani aliandika kwamba alitabasamu, mimi nikamfanya aangue kicheko mpaka ushungi ukamwanguka. Nilitaka watu wawe upande wangu, na walikuwa.

Alhamisi ikafika. Karani alikaa juu ya mzigo, kijitabu cha sita gotini, akatuuliza mmoja mmoja. Bupe alimtaja mgeni, kwa kuwa alikataa kula kwenye nyumba ya watu. Anyigulile alimtaja mwashi. Alisema anajenga nyumba za mianzi tangu utotoni na anajua kwamba fundi ndiye pekee anayefahamu ni wapi ukuta wake ni dhaifu. Mimi nilimtaja Zuhura na kueleza habari ya uji.

Karani alinitazama kama mtu aliyeulizwa swali kwa lugha ngeni.

"Akimpelekea uji mkwewe, kuna nini?"

"Kuna nini!" Mama yake Bupe aliacha chungu alichokuwa akikifuta. "Karani, kwenu watu hawana aibu?"

"Mama, kwetu mke wa mwana humwamkia mkwewe kila asubuhi. Huyu Zuhura ni mke mwema kabisa. Nimemwandika mwema!"

"Wanatazamana?"

"Wanatazamana."

"Usoni?"

"Sasa watazamane wapi tena, mama?"

Gulio zima lilivunjika mbavu. Mimi sikucheka. Karani akakifungua kijitabu. Mwashi aliacha jiwe moja ukutani bila chokaa. Akalitoa usiku, akaingia, akabeba sanduku, akalirudisha jiwe. Anyigulile aliruka juu akapiga mluzi.

Ningekuwa mtu mwenye roho nzuri ningempongeza. Yeye alikuwa na roho nzuri kuliko mimi, maana alipopewa vijitabu alinijia moja kwa moja na kuninyooshea vyote. "Chukua wewe," akasema.

Nikamjibu kwamba sitaki vitu vya kuhurumiwa.

Mbele za watu! Nilisema hivyo mbele za watu, nikajitwika kikapu changu, nikaondoka bila hata kumuaga Karani vizuri, mtu aliyetupatia hadithi nzima na ambaye sitamwona tena. Hilo ndilo linaloniuma hadi sasa. Bupe alinikimbilia akaahidi kwamba kabla meli haijang'oa nanga atamfikishia salamu zangu, na kwamba ataniombea radhi kwa maneno yake mwenyewe, ambayo naamini yatakuwa makali kuliko yangu.

Nilivuka Lufilyo nalia. Karibu na mashamba ya kwetu nikasikia kikohozi mbele, kikohozi cha makusudi, na nikakijua. Nikajirusha kwenye migomba, nikachuchumaa na kaniki kichwani. Tatizo ni kwamba kilio hakikukubali kukatika. Nilijiziba mdomo kwa mikono miwili na bado kikatoka, kwikwi kwa kwikwi. Hatua za mzee zikasimama. Zilisimama kwa muda ambao nilidhani nitakufa kwa haya. Kisha zikaendelea.

Ijumaa na Jumamosi nilitwanga mpunga kama mtu anayegombana nao.

Leo baada ya ibada Anyigulile alinisubiri nje. Nilitaka kupita, lakini alikuwa amebeba kitu kilichofungwa kwa majani ya mgomba, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyetumwa, si wa mtu aliyejileta. Tukasimama mahali panapoonekana na kila mtu, kama inavyofaa.

Alisema Alhamisi baba yake alimwita kabla hajala. Alimwuliza umemfanya nini mchumba wako mpaka analia njiani. Anyigulile akaeleza: Karani, sanduku, mwashi, vijitabu. Mzee akataka kusikia hadithi yenyewe. Hajui kusoma, na Kiswahili chake ni cha kuulizia bei ya chumvi, kwa hiyo mwanawe alimsomea akimgeuzia kwa Kinyakyusa, vijitabu viwili kila jioni, Alhamisi, Ijumaa na jana. Alipofika kwenye uji, mzee alimsimamisha. Akataka kipande hicho kirudiwe. Kikarudiwa.

"Tata ameniagiza nikuambie hivi," Anyigulile alisema, na alikuwa anajikaza asicheke. "Mkwe wangu ameona sawasawa. Mwizi ni yule bibi harusi. Karani ameandika tu, hajui alichoandika."

Nilisema "ndaga," asante, nikarudia "ndaga fijo," asante sana, basi.

Hakuwa amemaliza. Baba yake amesema vijitabu vikae kwetu, kwa kuwa mtu anayejua kusoma namna hiyo asinyimwe karatasi. Anyigulile akaninyooshea tena, kama Alhamisi, na safari hii nilivipokea kwa mikono miwili na kumwomba radhi kwa ule ulimi wangu. Alisema ameshasahau. Hajasahau, ila ni muungwana. Nilimwambia pia kwamba hoja yake ya mianzi ilikuwa nzuri sana, na nikafurahi kuona masikio yake yanavyomwaka.

Kisha akatoa swali. Mzee anauliza: kama mwizi ni Zuhura, na nyumba ilipekuliwa yote, sanduku alilificha wapi?

Nimekaa nalo tangu saa nne. Nimevisoma tena vyote sita. Watumishi walipekua jikoni, kisimani, ghalani, chumba cha mgeni, chumba cha bibi harusi hadi ndani ya godoro. Nimehesabu kila mlango wa nyumba ya Bwana Hilali. Ni ajabu kufikiri kwa bidii hivi kwa ajili ya mtu ambaye sitamtazama maisha yangu yote, wala sitamwambia hata habari za asubuhi. Naye huko aliko, upande wa pili wa mashamba, huenda amekaa anafikiria mlango huohuo. Sikujua kama jambo hili linawezekana. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba linawezekana.

Na sasa hivi, mama alipokuwa anaupindua mpunga, nimeona!

Chini ya kitanda cha baba mkwe. Hapo ndipo alipolificha. Nani angekwenda kumtafuta mke wa mwana kwenye chumba hicho? Hata Karani, pamoja na tabia zote za pwani, hakumtuma mtumishi yeyote aangalie humo. Nimekagua mara tatu: hakuna hata mmoja.

Anyigulile atapita kesho akienda shambani, nami nitampa jibu alipeleke. Nimeshamwandalia agizo moja tu zaidi: amtazame baba yake vizuri anapolisikia, kisha arudi aniambie kama amecheka.