Gunzi Katika Tenki la Mama Mkwe

Bi Mwanakhamisi, mshauri unayesomwa kuanzia Mbalizi hadi Kihesa,

Nakusalimu kwa heshima, na kabla sijaanza naomba ieleweke kwamba sikuandikii kama mtu aliyeshindwa, maana katika kikao chenyewe nilishinda na mashahidi wapo. Nakuandikia kwa sababu nimeshinda hoja na papo hapo nakaribia kumpoteza Tekla, na katika vitabu vyote nilivyosoma, navyo si haba, sijaona panapoeleza jinsi mambo hayo mawili yanavyoweza kutokea jioni moja.

Mimi ni kijana wa miaka ishirini na saba, mzaliwa wa Mbeya, mhitimu wa falsafa daraja la kwanza (nalitaja kwa ajili ya usahihi, si majivuno), mwalimu wa sekondari hapa Iringa na mpangaji wa vyumba viwili vya uani kwa Mama Tekla, Kihesa. Nilihamia hapo mwaka juzi nikitafuta utulivu wa kusoma, nikampata Tekla, binti wa mwenye nyumba, muuza dawa, mtu pekee katika mkoa huu anayeweza kunikatisha sentensi nami nikashukuru. Nampenda, Bi Mwanakhamisi. Nampenda kiasi kwamba nikisikia anafungua geti huku nasahihisha madaftari, wanafunzi watatu wanaofuata hupata alama wasizostahili.

Mwezi Machi mshenga wangu, Mzee Liberatus, katekista mstaafu, alipeleka barua ya posa, nayo ikapokelewa kwa vigelegele, na siku hiyohiyo mimi nikajitungia kanuni. Kwetu Unyakyusani, kwa desturi ya wazee, mke hamkaribii baba mkwe wake: hamtazami, hamsemezi, wakikutana njiani humpisha. Sasa mimi ni mtu ninayeamini usawa wa wanaume na wanawake kwa dhati, nikaona ni dhuluma mzigo huo kuubeba mwanamke peke yake, hivyo nikaazimia kujitenga na mama mkwe wangu kwa kipimo kilekile, na tangu siku hiyo nikimwona anaanika maharage narudi ndani, akija bombani naiacha ndoo yangu ikifurika, na mara moja, alipotokea ghafla kwenye kona ya banda la kuku, niliingia humo bandani nikakaa hadi alipoondoka. Niliamini anauona mwenendo huo kuwa adabu ya hali ya juu.

Hapa ndipo penye jambo ambalo sijamwambia mtu. Juu ya zege la bafu la Mama kuna tenki la maji, na ubavuni mwake, karibu na kifuniko, kuna kibomba cha kutolea maji ya ziada. Wiki moja baada ya posa boya la ndani liliharibika, yaani lile dude la plastiki linalofunga maji tenki likijaa, na siku maji yanapokuja kwa nguvu kibomba kikawa kinamwaga mbele ya mlango wangu, kikafanya tope, na tope likaanza kuvila viatu vyangu vya mahafali. Mpangaji mwingine angemwambia mwenye nyumba, lakini mimi nilikuwa nimejikataza kusema naye. Basi Jumapili moja, wote wakiwa kanisani, niliweka kiti juu ya meza, nikapanda, na kwa gunzi la hindi la kuchoma nililokuwa nimetoka kulimaliza, nikakiziba kibomba. Lilienea kana kwamba lilichongwa kwa kazi hiyo. Tope likakauka, nikajipongeza.

Wiki tatu baadaye Tekla aliniambia kwamba dari la chumbani kwa mama yake limepata doa la kahawia la ukubwa wa sahani. Nilimweleza kwamba ni mvuke unaoganda kwa baridi ya Iringa, nikamchorea na mchoro. Naapa kwamba wakati ule niliuamini mchoro wangu.

Jumamosi iliyopita, saa nne asubuhi, Tekla akiwa safarini Mgololo na simu yake haipatikani, akina mama wa jumuiya walikuwa sebuleni kwa Mama Tekla wakiimba, nami nimekaa mlangoni kwangu na kitabu, nikaona maji yanabubujika kutoka kwenye kifuniko cha tenki, yanatanda juu ya zege, yanaingia chini ya bati. Ndipo nilipoelewa yalikokuwa yakienda wiki zote zile. Koki ya kuyafunga imo bafuni mwa Mama, na mlango wa bafu hilo unatokea chumbani mwake. Mkwe aingie chumbani kwa mama mkwe? Aite kwa sauti? Nilitafakari, nikaona njia moja tu inayolinda heshima ya pande zote. Niliandika barua.

Iliandikwa vizuri. Ilikuwa na kumbukumbu namba, tarehe, na kichwa kilichopigiwa mstari: "YAH: DALILI ZA UNYEVU USIO WA KAWAIDA." Nilipofika aya ya tatu nikasikia kishindo kidogo ndani, nikafupisha hitimisho, nikatia saini, nikaisukuma chini ya mlango wa uani, na kabla sijageuka, Bi Mwanakhamisi, barua yangu ikarudi yenyewe chini ya mlango uleule, imelala juu ya maji, wino unasambaa.

Kisha dari likaanguka. Lote. Juu ya kitanda, ambako yalitandazwa mablanketi na mashuka mapya ya wageni wangu, maana Jumapili ijayo baba mdogo Zabron na wazee wengine watatu wanatoka Mbalizi kuja kupokea jibu la posa. Wimbo ulikatika, akina mama wakatokea uani mmoja baada ya mwingine, na wa mwisho alikuwa Mama Tekla mwenyewe, aliyekimbilia kwanza chumbani, khanga imelowa, kipande cha dari begani.

"Lusekelo, ulikuwepo hapa muda wote huu?"

Nikatazama chini. "Nilikuwepo, Mama."

"Ukifanya nini?"

"Nilikuwa naandika, Mama."

"Unaandika!" Akawageukia wenzake. "Nyumba inazama, yeye anaandika!"

"Mpe nafasi, Mama Tekla, labda hakuwa na muhuri," akasema mmoja wao, na jumuiya nzima ikacheka hadi wengine wakashika ukuta, na tangu siku hiyo nikipita sokoni nasalimiwa, "Kamwene, Bwana Barua!"

Katika vurugu ile, wao wakitoa magodoro, nilipanda nikalichomoa gunzi, nikalitia mfukoni.

Jioni kikaitishwa kikao. Mjomba wa Tekla, Mzee Kalinga, alisema kosa ni la fundi Aroni aliyefunga tenki mwaka jana. Aroni akaitwa, akasimama na kofia mkononi akiapa kwamba kibomba alikiweka na kilikuwa wazi. Wakamwambia asikanyage tena nyumba hiyo, na majirani wawili waliokuwepo wakasema nao watatafuta fundi mwingine. Nilipoulizwa neno langu, nilizungumza kwa dakika arobaini juu ya wajibu wa mwenye nyumba kwa mpangaji, nikataja sheria, nikajibu kila pingamizi, mpaka Mzee Kalinga akanyoosha mikono na kusema hana la kuongeza. Baada ya hapo ni Mama Tekla peke yake aliyeongea: "Hoja zako nimezisikia. Wiki tano unanikimbia kama mkopaji, leo umerudi na sheria. Jumapili wazee wako waje. Nitawapa chai." Nikamuuliza, na baada ya chai? Akasema, "Watashiba."

Tekla aliporudi na kusimuliwa, alikuja moja kwa moja mlangoni kwangu. "Wanasema uliongea dakika arobaini," akasema, "ila alipotajwa Aroni ukanyamaza. Wewe hunyamazi, Lusekelo. Kuna nini?" Nikamwambia nilikuwa na kiu.

Swali langu basi ni hili, na naomba ulijibu kwa hoja: dari limekwisha kuanguka, gunzi limekwisha kutoka, na kusema kwangu hakutarudisha hata kipande kimoja juu, je, ukweli usiorekebisha chochote ni lazima usemwe? Chapisha jina langu kamili ukipenda. Mtu mwenye hoja hajifichi.

Lusekelo, Kihesa, Iringa.


MSHAURI ANAJIBU

Lusekelo mwanangu, nimecheka hadi chai ikanipalia, kisha nikafika kwa Aroni na kofia yake mkononi, kicheko kikaisha.

Swali lako ni la kijanja na jibu lake ni fupi. Unasema ukweli hautarekebisha chochote. Utamrudishia Aroni kazi yake. Yule si kipande cha dari. Ana majirani wanaomkwepa leo kwa sababu wewe, mwenye maneno kwa kila jambo, ulikosa neno moja la kumtetea. Kila siku unayokaa kimya unamziba yeye pia.

Na hiyo kanuni yako! Umechukua desturi ya kwenu inayomhusu mke na baba mkwe, ukaipindua, ukamvisha mama wa Kihesa ambaye hakuiomba wala hakuambiwa, halafu ukajificha kwenye banda la kuku ukidhani anakusifu. Alidhani unamdharau. Mimi ningedhani una jambo, na kumbe ulikuwa nalo. Heshima yenye manufaa ungeipata kwa kumuuliza Mzee Liberatus swali moja: kwa watu hawa, mkwe anatakiwaje? Ungejibiwa kabla hindi lako halijaiva.

Sasa tuje kwenye maji, maana wasomaji wangu wengi wana nyumba na hawana falsafa. Kibomba kile kikimwaga, tenki linakuambia boya limekufa. Boya hubadilishwa na fundi kwa muda mfupi tu. Tope mlangoni linaondoka kwa kuunga kipande cha bomba na kuyapeleka maji kwenye migomba au bustani. Ukiogopa mijusi, funga wavu mdomoni mwa bomba. Kuziba, hapana, si kwa gunzi, si kwa kitambaa, si kwa chochote, kwa sababu maji yakinyimwa mlango yatatafuta dari. Na doa la ukubwa wa sahani halitaki mchoro, linataka mtu apande atazame siku hiyohiyo.

Halafu koki. Unasema iko bafuni mwa Mama na heshima ilikuzuia. Lusekelo, mita yenu iko wapi? Nina hakika iko karibu na geti, na kando yake kuna koki inayofunga maji ya nyumba nzima. Geti lilelile unalosikiliza likifunguliwa hadi unagawa alama za bure! Wewe unayesoma safu hii, inuka sasa hivi ukaitafute ya kwako, uizungushe kidogo kila mwezi isije ikaganda, na umwonyeshe kila mtu wa nyumbani, mkwe akiwemo.

Sikiliza na ratiba yako. Nimekutumia jibu hili kwa simu leo Jumanne. Gazeti linatoka Alhamisi, na jina lako, kama ulivyotaka, limo. Una siku mbili kabla Kihesa nzima haijalisoma, kwa hiyo usianze kuniletea pingamizi.

Leo jioni mwambie Tekla. Sentensi tatu: niliziba mimi, nilijua, nikamwacha Aroni alaumiwe. Ukifika ya nne umeanza kujitetea. Kesho asubuhi nenda kwa Aroni nyumbani kwake, umwombe radhi mbele ya mkewe, kisha umpeleke mwenyewe hadi kwa Mama Tekla ukiwa na Mzee Liberatus, na umwite Mzee Kalinga na wale majirani wawili, ili walewale waliosikia dakika arobaini zako wasikie na hizi mbili. Kwa Mama mwangalie usoni. Gharama ya dari ni yako, na usiitajie sheria.

Mkimaliza, kazi ianze. Zimeni umeme wa chumba kile kwanza, maji yakiingia kwenye nyaya hayajali shahada. Toeni mbao zote zilizolowa, fungueni madirisha, iacheni nafasi ikauke hadi ndani kabisa, na msipake rangi wala kufunga dari jipya kwa haraka ya wageni. Wazee wa Mbalizi wakiona paa tupu hawatakufa, wamelala kwenye nyumba nyingi. Aroni atabadilisha boya. Wewe utasafisha mifereji ya bati ya nyumba nzima, maana sina shaka majani ya mikaratusi ya mwaka mzima yamo humo na mvua hazijaisha.

Hutanisikia nikikuahidi kwamba Mama atatoa zaidi ya chai. Amelowa, ameaibika mbele ya jumuiya yake, na amekimbiwa wiki tano; hilo ni lake kuamua. Lakini ili kupanda kwenye mifereji utahitaji ngazi, na ngazi huhitaji mtu wa kuishika chini. Usimwite Aroni, ana kazi yake. Ipeleke ukutani Alhamisi, saa Tekla anaporudi kazini, panda kipandio cha kwanza, usimame hapo, na kwa mara moja maishani mwako usiseme kitu. Ukisikia imeacha kutikisika, endelea kupanda.